Kutoka mwanachama wa kawaida hadi kiongozi wa tawi: mwongozo kamili kwa mfanyakazi wa Tanzania

Uchaguzi wa tawi unapokaribia, ukumbi huwa na watu wa aina mbili. Wapo wanaotazama sakafu wasije wakapendekezwa, na wapo wanaotaka cheo kwa kuwa wamesikia kuna semina na posho. Anayekosekana ni yule hasa anayehitajika: aliyekwisha kumsaidia mwenzake kujibu barua ya kujieleza, anayejua mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri, unasema nini kuhusu saa za ziada, na ambaye akisogea kwenye meza ya chakula watu hawakatishi mazungumzo.

Mtu huyo hatengenezwi na kijitabu, wala na ujumbe wa kwenye simu. Hutengenezwa na watu anaokaa nao: wenzake wa zamu, wazee wa tawi, na wale atakaokutana nao kwenye mafunzo wakitoka viwanda na mikoa mingine. Mwongozo huu unafuata njia hiyo tangu unapojaza fomu ya uanachama hadi unapokaa mezani na mwajiri. Nimeuandika nikimfikiria mfanyakazi wa sekta binafsi Tanzania Bara, na namba za vifungu ni za Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Zanzibar ina sheria zake za mwaka 2005, na watumishi wa umma wana utaratibu wa ziada wa majadiliano na mabaraza ya wafanyakazi, lakini kazi ya kujenga watu ni ileile.

Hakikisha kwanza wewe ni mwanachama kweli

Wengi hudhani ni wanachama kwa sababu tu wanaenda Mei Mosi. Tazama hati yako ya mshahara. Kama hakuna makato ya ada ya chama, pengine hujawahi kujaza fomu ya TUF 6, ile inayomruhusu mwajiri kukata ada na kuipeleka kwenye chama. Ijaze, baki na nakala. Kama makato yapo, uliza kama fedha zinafika, maana kifungu cha 61 kinamtaka mwajiri aziwasilishe ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha.

Halafu omba katiba ya chama chako. Usikubali kusimuliwa. Kila chama kina katiba yake, iwe TUICO kwa viwanda na biashara, TPAWU kwa mashamba, TAMICO kwa migodi na ujenzi, CHODAWU kwa mahoteli na kazi za nyumbani, au kingine. Humo utaona nani anaweza kugombea, uchaguzi ni baada ya miaka mingapi, kamati ya tawi ina wajumbe gani, na fedha ngapi zinarudi tawini. Soma sehemu ya tawi mara mbili, ya taifa mara moja inatosha kwa sasa.

Sheria yenyewe inatoa nafasi nyingi kuliko wengi wanavyojua. Penye wanachama 10 au zaidi chama kina haki ya kufungua tawi. Kifungu cha 62 kinapanga idadi ya wawakilishi: mmoja kwa wanachama 1 hadi 9, watatu kwa 10 hadi 20, kumi kwa 21 hadi 100, na kumi na watano pale wanachama wanapozidi 100. Penye zaidi ya 100, angalau wawakilishi watano wanapaswa kuwa wa kuwasemea wanawake, kama wanachama wanawake wapo. Sasa hesabu wawakilishi wa kazini kwako. Ukikuta wanne mahali pa kumi na tano, nafasi yako ya kuanzia iko wazi na hakuna wa kumpiga vikumbo.

Jambo moja la kuangalia: kama wewe ni meneja wa ngazi ya juu, anayepanga sera kwa niaba ya mwajiri na mwenye mamlaka ya kufunga mikataba ya hali bora kwa niaba yake, sheria haikuruhusu kuwa katika chama kimoja na wafanyakazi unaowasimamia. Msimamizi wa zamu hayumo katika kundi hilo, ingawa baadhi ya waajiri hupenda kumwambia yumo.

Jenga watu kabla ya kutafuta cheo

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo wengi huruka.

Chukua daftari, la karatasi, na uchore mahali pako pa kazi. Idara zipi, zamu zipi, nani anafanya kazi na nani, nani wanatoka mtaa mmoja na kupanda daladala moja. Andika watu wanaosikilizwa. Mara nyingi siyo wasemaji. Katika kiwanda kimoja anaweza kuwa mama wa usafi ambaye amekaa miaka mingi na anajua kila aliyewahi kufukuzwa na kwa sababu gani. Kwingine ni fundi mitambo ambaye hata meneja humwita "mzee". Ukiwa na hao, tawi linakwenda. Ukiwa na vijana wenye maneno peke yao, utapata mkutano wenye kelele na Jumatatu kila mtu yuko kimya.

Kisha ongea na watu, mmoja mmoja. Mkutano wa hadhara ni wa kutangaza mambo yaliyokwisha kukubaliwa. Kukubaliana kwenyewe hufanyika kwa mama ntilie, kituoni, au mnapongoja zamu kubadilishana. Na kuongea hapa maana yake ni kuuliza.

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu."
"Leo naona mko watatu kwenye mashine ya watu watano."
"Ndiyo hivyo. Wawili wamehamishwa, tunaambiwa tuvumilie."
"Tangu lini?"
"Wiki ya tatu hii. Mgongo huu wangu naujua mwenyewe."
"Na wenzako wanasemaje?"

Umeona hakuna aliyetaja chama. Umepata tarehe, idadi, na athari, na umefungua mlango wa swali la mwisho, ambalo ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu linamtoa mtu kwenye shida yake peke yake na kumpeleka kwenye shida ya wote. Ukiwahi kuhutubia hapo, mama atakuitikia kwa heshima tu na kurudi kwenye mashine yake.

Jamii ya kazini ina taasisi zake ambazo hazimo kwenye katiba yoyote: kikundi cha kufa na kuzikana, kikoba, SACCOS, mchango wa harusi, timu ya mpira ya Jumamosi. Anayetunza daftari la michango ya misiba bila senti kupotea amekwisha kufaulu mtihani wa uaminifu ambao mweka hazina wa tawi bado hajaufanya. Nenda misibani. Kaa hadi mwisho. Nasema hivi bila ujanja wowote: mtu anayekwenda msibani ili apate kura hujulikana siku hiyohiyo, na waombolezaji huwa na kumbukumbu ndefu.

Historia yetu inaonyesha kwamba vyama vilianzia kwenye mikusanyiko ya namna hii. Mgomo wa mwaka 1947 ulianza kwa wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam, ukapanda reli kuelekea bara, ukapita kwa watu waliokuwa wakijuana kwa kazi na kwa safari. Rashidi Kawawa hakuanza na shirikisho. Aliongoza kwanza chama cha watumishi Waafrika wa serikali, TAGSA, na shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika, TFL, lilipoundwa mwaka 1955 ndipo akawa katibu mkuu wake. Kenya, Tom Mboya alikuwa mkaguzi wa afya wa manispaa ya Nairobi, akajenga chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, na ndipo baadaye akaenda kusoma Ruskin College, Oxford, mwaka 1955. Wote wawili walikuwa na watu kabla ya kuwa na jukwaa.

Beba shauri moja dogo hadi mwisho

Kabla ya semina yoyote, chukua tatizo moja. Dogo, linalogusa watu kadhaa, na lenye jibu katika sheria au katika mkataba wa hali bora. Usianze na nyongeza ya mshahara; hiyo ina meza yake.

Tuchukue mfano wa kiwanda cha biskuti. Wafungashaji 60 wanazunguka zamu tatu, na zamu ya usiku ni saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi. Hati zao za mshahara hazionyeshi malipo yoyote ya usiku. Sheria inahesabu usiku kuwa saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kifungu cha 20 kinataka mfanyakazi alipwe angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku aliyofanya kazi. Kwa mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 300,000, mwezi mzima wa usiku ungekuwa shilingi 15,000. Kwa kuwa yuko zamu ya usiku wiki moja kati ya tatu, ni kama 5,000 kwa mwezi kwa zamu hiyo peke yake. Mtu mmoja atasema hiyo ni nauli tu. Watu 60 ni shilingi 300,000 kwa mwezi, na 3,600,000 kwa mwaka. Ukiandika hesabu hiyo nyuma ya karatasi na kuionyesha wakati wa chai, mazungumzo yanabadilika.

Sasa kusanya ushahidi. Ratiba za zamu za miezi mitatu, nakala za hati za mshahara za watu watano wanaokubali kuzitoa, na mikataba yao ya ajira, pengine imeandikwa kwamba mshahara "umejumuisha" posho ya usiku. Andika kwenye daftari: nani, nini, lini, wapi, nani alishuhudia, na wanataka nini. Hilo la mwisho husahaulika kuliko yote. Watu huja na hasira na kuondoka bila kusema wanachokidai.

Mpelekee mwakilishi aliyepo au katibu wa tawi, na umwombe mwende pamoja kwa afisa utumishi. Usimruke hata kama ni mzito. Akikataa kwenda, mwandikie barua fupi, ubaki na nakala yenye sahihi ya mpokeaji. Baada ya kikao andika nusu ukurasa wa yaliyokubaliwa na ukawasomee wale 60, zamu kwa zamu, hata kama jibu ni "tunaangalia". Kiongozi wa kesho hujulikana kwa kurudisha majibu, hata yasiyopendeza.

Chunga muda. Mgogoro usiohusu kuachishwa kazi unapaswa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Wa kuachishwa kazi ni siku 30. Mwajiri anayesema "tunaangalia" kwa miezi miwili huenda anaangalia kalenda.

Tafuta mafunzo ya ana kwa ana, na uyachague

Kifungu cha 63 kinampa mwakilishi wa chama likizo ya malipo, kwa kiasi kinachofaa, ili ahudhurie mafunzo yanayohusu kazi yake. Haki hiyo ni ya mwakilishi, kwa hiyo ni sababu nyingine ya kujaza zile nafasi zilizo wazi za kifungu cha 62. Barua iandikwe na chama, itaje tarehe, mahali, mada na majina, na ifike mapema ili msimamizi apange zamu. Barua inayofika Ijumaa kwa semina ya Jumatatu inampa mwajiri sababu nzuri ya kukataa.

Mafunzo hutolewa na ofisi ya chama ya mkoa au kanda, na TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini, na mashirikisho ya kimataifa ya vyama kwa kushirikiana na vyama wanachama, na mara nyingine Shirika la Kazi Duniani. Yapo ya siku moja na ya wiki nzima. Kwa anayeanza ningeshauri mpangilio huu: kwanza kazi za mwakilishi na utunzaji wa malalamiko, pili usalama na afya mahali pa kazi, kisha nidhamu na usuluhishi, na majadiliano ya pamoja yaje mwisho. Usalama na afya hudharauliwa, wakati ndiyo mada ambayo meneja na mfanyakazi wanaweza kukubaliana juu yake bila kununiana, na inakufundisha kukagua, kuandika na kufuatilia.

Kuhusu posho niseme wazi. Nauli na chakula ni haki, hasa kwa anayeacha watoto nyumbani. Lakini tawi likianza kupeleka watu semina kwa zamu ya kugawana posho, elimu hutawanyika kwa watu kumi ambao kila mmoja ana robo yake na hakuna mwenye nzima. Kamati ikubaliane: anayekwenda somo la kwanza ndiye atakayekwenda la pili, na atafundisha akirudi. Na wanawake wapelekwe hasa, siyo kwa kuongeza idadi kwenye picha ya pamoja. Ratiba ikipangwa usiku au mbali bila kufikiria malezi, mmewafungia mlango. Uliza hilo kabla majina hayajatoka.

Usiende mikono mitupu. Chukua nakala ya mkataba wa hali bora, katiba ya chama, fomu ya nidhamu inayotumika kazini kwenu, na lile shauri lako la posho ya usiku. Ficha majina ya watu. Mwezeshaji akisema "tupate mfano", uwe nao.

Ndani ya ukumbi

Kaa mbele, lakini usikae na wa kwenu. Mkitoka tawi moja watatu, gawaneni meza tatu.

Kinachofanya mafunzo ya uso kwa uso yawe na thamani ni igizo. Mmoja anakuwa meneja, mwingine mfanyakazi aliyeshtakiwa, mwingine mwakilishi, na wengine wanatazama na kuandika. Watu wazima huona haya kuigiza. Wanacheka, wanataka kupita haraka. Wewe omba sehemu ya mwakilishi, na ukimaliza omba kurudia ukiwa meneja. Utashangaa jinsi unavyoona udhaifu wa hoja zako ukiwa upande wa pili wa meza. Meneja wa igizo akikukatiza, sauti yako inapanda? Unajibu tuhuma ambayo hujaulizwa? Unasahau kuomba mapumziko ili ushauriane na unayemtetea? Mambo haya hayaonekani kwenye kitabu, na ni heri yaonekane mbele ya wenzako wa semina kuliko mbele ya kamati ya nidhamu ambapo ajira ya mtu iko mezani.

Omba pia zoezi la kusoma hesabu za kampuni. Kifungu cha 70 kinakipa chama kinachotambuliwa haki ya kupewa taarifa zinazohitajika kwa majadiliano, lakini taarifa zikija na hakuna anayejua tofauti ya mapato na faida, zitabaki bahasha.

Jioni ndiyo nusu ya pili ya mafunzo. Baada ya chakula, mtu wa kiwanda cha saruji atamsimulia wa hoteli namna walivyopata usafiri wa usiku, na wa shamba la chai atasema kipimo chao cha uzito kilivyokaguliwa. Uliza walianzaje, nani aliwapinga, na wangefanya nini tofauti. Omba nakala ya kipengele cha mkataba wao. Ukirudi na vipengele vitatu vya mikataba ya wengine na namba za watu watano wa kuwapigia ukikwama, semina imelipa hata kama mhadhara wa mchana ulikuwa wa kusinzia. Mingine huwa hivyo, hasa baada ya pilau.

Rudi ufundishe: duara la mafunzo

Ndani ya wiki mbili, kabla joto halijapoa, anzisha duara. Njia hii ya watu wachache kusoma pamoja bila mwalimu mkuu ilikuzwa sana na vyama vya Sweden, na haikutupata wageni kabisa: vyuo vyetu vya maendeleo ya wananchi vilivyoanza mwaka 1975 vilichukua mfano wao hukohuko.

Watu 8 hadi 12, saa moja, mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili, nje ya muda wa kazi au kwa makubaliano. Kila kikao karatasi moja tu: leo kipengele cha likizo, wiki ijayo saa za ziada. Mmoja anasoma kwa sauti, kisha kila mtu, kwa zamu, anasema kazini kwao mambo yakoje. Mwongozaji abadilike kila kikao. Aliye kimya leo aongoze kesho kutwa. Mwisho mkubaliane jambo moja dogo la kwenda kufanya, na kikao kinachofuata kianze kwa kuulizana limefikia wapi. Duara lisilo na jambo la kufanya hugeuka baraza la kahawa. Si vibaya, lakini hamkukutania hilo.

Baada ya miezi michache utaona nani anawahi, nani anasoma akiwa nyumbani, nani anatuliza na nani anachochea. Hao ndio kamati yenu ijayo. Hakuna njia nyingine ya kuwajua.

Simama kwenye kikao cha nidhamu

Hapa wenzako ndipo watakapoamua kama wewe ni kiongozi.

Mwongozo wake uko katika Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 42. Mfanyakazi anatakiwa aelezwe tuhuma kwa maandishi na kwa lugha anayoielewa, apewe muda wa kutosha kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48, na asaidiwe na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Mwenyekiti wa kikao asiwe mtu aliyehusika na tukio.

Ukiitwa, hesabu saa kwanza. Barua ya jana mchana kwa kikao cha leo asubuhi inaombewa ahirisho kwa maandishi. Kaa na mfanyakazi mahali pa faragha na umwache asimulie yote bila kumkatiza, kisha uliza tena kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Mwambie ukweli: kama kosa lipo, kazi yako ni kupunguza adhabu, na hilo nalo ni utetezi. Miaka aliyofanya kazi bila onyo, wengine waliofanya kosa lilelile walipewa adhabu gani, kanuni hiyo alifundishwa lini. Usimshauri aongope, mashahidi watamwumbua na wewe utakuwa umepoteza neno lako kwa kesi zote zijazo.

Ndani ya kikao ongea polepole. "Ndugu mwenyekiti, naomba iandikwe kwamba hatujapewa nakala ya taarifa ya mlinzi." Sentensi kama hiyo ni ndogo, ila ikiwa kwenye muhtasari itafika CMA na wewe. Uliza mashahidi maswali mafupi. Usitie sahihi muhtasari ambao hujausoma, na kama umeacha jambo, andika hivyo juu ya sahihi yako. Uamuzi ukitoka, kanuni zinampa mfanyakazi siku 5 za kazi kukata rufaa ndani ya kampuni. Ikishindikana, zile siku 30 za CMA zinakwenda. Fomu ni CMA F.1 na hakuna ada ya kuifungua.

Mwenyewe je, utalindwa? Sheria inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya uanachama au shughuli halali za chama, na mwongozo ulio kwenye kanuni hizohizo unamtaka mwajiri akitaarifu chama na kushauriana nacho kabla ya kumfungulia mwakilishi hatua za nidhamu. Ulinzi wa karibu zaidi, hata hivyo, ni kuwahi kazini, kutoacha mashine bila ruhusa ya maandishi, na kutotumia jina la chama kufunika makosa yako. Mwajiri asiyekupenda atatafuta kosa la kawaida kabisa.

Gombea, halafu kaa mezani

Kampeni ikifika usiwe na mengi ya kusema. Shauri la usiku, duara na vikao vya nidhamu vimekwisha kusema. Ahidi mambo mawili au matatu yanayopimika: muhtasari wa kila kikao kubandikwa ubaoni ndani ya siku 3, mapato na matumizi ya tawi kusomwa kila robo mwaka, kila zamu kuwa na mwakilishi. Usiahidi nyongeza ya asilimia fulani, hujaona vitabu.

Ili chama kitambuliwe kuwa wakala pekee wa majadiliano, kifungu cha 67 kinataka kiwe na wengi kati ya wafanyakazi wa kitengo husika. Wapo 180, mnahitaji angalau 91. Mkiwa 85 na mwajiri akakataa, msimlaumu. Tafuteni hao 6. Chama kikishatoa notisi ya kutaka kutambuliwa, mwajiri anatakiwa kukutana nacho ndani ya siku 30.

Timu ya majadiliano iwe na mwenye hesabu, mwenye kuandika, mwenye kuongea, na mtu wa idara ambayo haisikiki kamwe. Mzungumzaji awe mmoja kwa kila hoja. Kabla hamjaingia, rudini kwa wanachama mkajue mambo matatu wasiyoweza kuyaachia na mambo wanayoweza kuyasogeza mwakani. Mkitoka, msisaini kabla wanachama hawajasikia. Mgomo upo kwenye sheria, na una ngazi zake za usuluhishi, kura na notisi ya saa 48. Kiongozi aliyefunzwa vizuri huzijua zote ili asilazimike kuzipanda akiwa na hasira.

Tunza faili, andaa wa baada yako

Kuanzia siku ya kwanza weka jalada la tawi lisilo lako: orodha ya wanachama, nakala za fomu, mihtasari, mkataba wa hali bora, mashauri yaliyokwisha na yalivyokwisha, risiti. Lihifadhiwe tawini, na watu wawili wajue lilipo. Matawi mengi huanza upya kila uchaguzi kwa sababu mwenyekiti aliyeshindwa ameondoka na mafaili kwenye begi.

Mwaka wako wa pili chagua watu wawili, mmoja awe mwanamke na mmoja awe chini ya miaka 35, uingie nao kwenye kila kikao. Mara ya kwanza waandike tu. Mara ya tatu mmoja aongee na wewe uandike, hata kama afisa utumishi anakutazama wewe akisubiri jibu.